KESHA LA OSCAR

Machi 3, 2025, tangu saa tisa usiku hadi kukicha, ulikuwa macho. Status zako niliziona. Mikey Madison alipochukua Oscar kwa filamu ya Anora, ukalia kwamba Demi Moore ameibiwa. Dada wa kwaya akakupinga, ukamwita mjinga mbele ya watu. Mpaka leo hamsalimiani!

Sipingi filamu. Lupita aliposhinda 2014 hata mimi nilishangilia. Lakini kura za tuzo zilikuwa zimeshapigwa kabla ya usiku ule. Matusi yako yangebadilisha nini? Demi hakujui. Huyu dada mnashiriki naye meza ya Bwana.

Ijumaa tuna kesha. Soma Mathayo 5:23-24, kisha umpigie simu kabla hujaja.