Kilemba cha Mwalimu

Juzi tulikuwa Riruta Satellite, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, nyumbani kwa watu wa Lamu waliohamia huko zamani. Kijana wao atahitimu chuoni mwezi ujao. Tuliwakuta sebuleni wamekaa kikao, daftari limefunguliwa, wanahesabu: hema, viti mia, magunia ya mchele, mbuzi wawili, keki ya ngazi tatu, mpiga picha, basi la kuwachukua jamaa wa Kawangware na Kibera, na fedha za kukodi joho.

Mwisho wakafika kwenye jambo lililoonekana dogo. Chuo hutoa kadi mbili tu kwa wageni wa kila mhitimu. Ya kwanza ikasemwa ni ya baba. Ya pili ikasemwa apewe bwana mmoja mwenye gari kubwa, aliyeahidi mchango wa kutosha. Mama mtu akainama, akawa anakunja ncha ya leso yake. Naye ndiye aliyeamka kabla ya adhana ya alfajiri, miaka minne, akikaanga mahamri ya kuuza ili karo ipatikane.

Mgeni ni kuku mweupe, basi hatukusema neno pale. Lakini tumerudi nalo moyoni, na leo twalitoa hapa, kwani si la nyumba moja. Kila msimu wa mahafali unapofika, nyumba nyingi za watu wetu, za bara na za Pwani, huingia katika mashaka haya haya.

Wako wazee wetu wanaosema kwamba sherehe hizi ni za Kizungu na hazituhusu. Hapo twaomba radhi kutofautiana nao. Hebu msomaji ayatazame maneno yenyewe. Chuo, kabla ya kuwa chuo kikuu, kilikuwa ni baraza ya mwalimu, na watoto juu ya mkeka na mbao zao. Kuhitimu ni kuukamilisha msahafu, tangu alifu mpaka mwisho. Neno lenyewe ni ndugu wa hitima. Mahafali ni mkusanyiko wa watu. Joho lilikuwa vazi la waungwana wa miji yetu, likivaliwa juu ya kanzu, siku ya Idi na siku ya arusi. Na shahada, maana yake ni ushahidi. Hakuna neno hata moja kati ya hayo lililotufikia kwa meli ya Mwingereza. Ni maneno yetu. Ila tumeyachukua maneno tukayasahau mambo yaliyokuwa ndani yake.

Sisi tuliosoma vyuoni twakumbuka mtoto alipohitimu ilikuwaje. Alivishwa kanzu safi, akasomeshwa mbele ya watu ili wasikie wenyewe kama kweli amejua. Akikwama, mwalimu hakumfichia. Baada ya hapo ndipo halua na kahawa zilipozunguka. Na baba hakutoka mahali pale bila kutoa kilemba, yaani zawadi ya mwalimu: nguo, au fedha, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Maskini alitoa kidogo na hakuchekwa. Mambo yalikuwa matatu tu: mtoto amejua, watu wameshuhudia, na aliyemfunza ameshukuriwa.

Sasa lipime daftari la Satellite kwa mizani hiyo. Kuna keki, lakini kilemba hakimo. Hakuna aliyemtaja mwalimu wa Lamu aliyemshika kijana mkono akamwandikisha herufi ya kwanza, wala mwalimu wa shule ya msingi, wala jirani wa Kawangware aliyempa taa asomee usiku stima ilipokatika. Na mwalimu wa kwanza kuliko wote, ambaye ni mama, ameambiwa asubiri nje ya lango.

Tusidhani kwamba elimu ya juu ilitujia bure bila ya wetu kuigharimia. Mapema miaka ya 1950 Mombasa ilipata chuo cha ufundi cha Waislamu, kile kilichojulikana kwa jina la MIOME. Miongoni mwa waliotoa mali zao ni Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar na Aga Khan. Chuo hicho mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wengi wanaovaa joho pale leo hawajui ni mali ya nani iliyoweka jiwe la kwanza. Na waliotoa hawakutoa ili wawekewe viti vya mbele.

Kuna na jambo zito zaidi. Mwezi wa Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ya Kenya ilitangaza kwamba imegundua vyeti vya kughushi zaidi ya 2,000 miongoni mwa watumishi wa serikali. Fikiri basi, msomaji. Shahada ni ushahidi, na ushahidi wa uwongo katika dini yetu ni katika madhambi makubwa. Twaamini ugonjwa huo huanzia pale pale tunapofanya sherehe kuwa kubwa kuliko elimu. Mtoto akiona kwamba jamaa wataka picha ya joho tu, na hakuna anayemwuliza amejua nini, atatafuta joho kwa njia yoyote. Hicho ndicho wahenga walichokiita kilemba cha ukoka.

Hatusemi watu wasifurahi. Furaha ya elimu ni halali, na mbuzi mmoja achinjwe, watu wale pilau, wamwombee mtoto. Tunalolikataa ni israfu, na hasa ile ya kukopa. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga vyuo, baadhi ya vyuo vikuu vya Kenya vilifanya mahafali kwa mtandao. Wahitimu walikaa na jamaa zao mbele ya simu. Hapakuwa na hema wala basi, na shahada zao hazikupungua hata herufi moja.

Basi shauri letu kwa wenye nyumba ile, na kwa kila nyumba yenye daftari kama lile, ni hili. Futeni keki ya ngazi tatu. Fedha zake zigawanywe: nusu iwe kilemba cha walimu, wa chuoni na wa shuleni, wapelekewe na kijana mwenyewe kwa mkono wake, nusu imsaidie mtoto mwengine wa mtaani ambaye karo imemshinda. Yule bwana mwenye gari aombwe kwa adabu aje kwenye pilau jioni. Akiwa muungwana atafahamu.

Na kadi ya pili apewe mama. Joho ni la kukodi na kesho litarudishwa kwa mwenyewe. Lakini ikiwa siku ile ni siku ya ushahidi, nani aliyeona zaidi kuliko yeye?