Heri Meno Yanayovuliwa

Aliyeng'olewa jino Arua au Koboko, huku West Nile nchini Uganda, hakosi washauri, na wengi wao humwambia neno moja: tafuta jino lisilotoka. Meno ya kuvaa asubuhi na kuvua usiku huonekana ni ya wazee, au ya mtu aliyeishiwa. Yale yanayogandishwa mdomoni moja kwa moja, iwe daraja au kipandikizi cha chuma kinachopachikwa kwenye mfupa wa taya, ndiyo huhesabiwa kuwa meno ya heshima. Kwa sababu hiyo mtu mwenye pengo moja tu yuko radhi kukopa, hata kuuza mbuzi, mradi asionekane akitoa kitu mdomoni. Imani hiyo ni potofu. Ingekuwa inamaliza pesa tu, ningenyamaza. Lakini inaharibu pia meno mazima ambayo mtu bado anayo.

Tuanze na daraja, kwa kuwa ndilo linalosifiwa zaidi. Ili lisimame, daktari huyasaga meno mawili yaliyo kando ya pengo mpaka yabaki kama visiki, kisha huyavika kofia zilizoshikana na jino la bandia lililo katikati. Mwaka 2002 watafiti Edelhoff na Sorensen walipima kiasi kinachosagwa, wakakuta kwamba jino linaloandaliwa kwa kofia kamili hupoteza kati ya asilimia 63 na 72 ya sehemu yake inayoonekana juu ya ufizi. Gamba gumu la jino likishasagwa halioti tena. Uozo ukiingia chini ya kofia, na huingia pasipo usafi wa makini, aliyekuwa amepoteza jino moja anajikuta amepoteza matatu. Kama meno ya kando yalikuwa yameshavunjika au yamezibwa sana, daraja lina maana, sina ugomvi nalo. Ila kuyasaga meno mawili yasiyo na kasoro ya kijana wa miaka 20 ili tu pengo lizibwe kwa kitu kisichotoka ni hasara anayouziwa kwa jina la ubora.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo, nayo imezaliwa na imani ileile. Kwa kuwa watu wanataka jino lisilotoka, na daraja la kweli ni ghali, asiye na leseni anaweza kuchanganya unga wa plastiki na kimiminika chake, akaubandika mchanganyiko huo kwenye pengo na kuufunga kwa waya kwenye meno ya jirani. Siku hiyohiyo mteja anaondoka akitabasamu. Lakini chini ya plastiki ile mswaki haufiki. Chakula kinaoza humo, ufizi unavimba na kutoa damu, na meno yaliyofungwa waya huanza kucheza. Uganda ina baraza linalosajili madaktari wa meno, na baraza jingine linalosajili mafundi wa maabara za meno na wataalamu wengine wa afya. Kabla ya kufungua mdomo, omba kuona cheti cha usajili.

Sifa kuu ya meno yanayovuliwa ndiyo hiyo inayodharauliwa: yanavuliwa. Yanaoshwa nje ya mdomo, pande zote, kwa mswaki na sabuni, na ufizi unapumzika usiku kucha. Hili si suala la harufu ya mdomo tu. Mwaka 2015 watafiti wa Japani, Iinuma na wenzake, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee 524 wenye umri wa miaka 85 na zaidi. Waliokuwa wakilala na meno yao ya bandia walipatwa na nimonia kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wasiolala nayo. Meno hayo yalikuwa ya kuvuliwa, ila wenyewe hawakuyavua. Basi kibaya ni kule kuyaacha mdomoni usiku, na hilo ndilo tunalolisifia tunapotamani yasitoke kabisa.

Halafu kuna mfupa wa taya, ambao washauri wetu huusahau. Jino likitoka, mfupa uliokuwa ukilishika huanza kupungua. Mtafiti Schropp na wenzake waliupima mwaka 2003: katika miezi 12 baada ya jino kung'olewa, upana wa mfupa hupungua karibu nusu, na theluthi mbili za upungufu huo hutokea katika miezi mitatu ya kwanza. Kwa wasio na jino hata moja kupungua huko hakukomi. Mtafiti Tallgren alionyesha mwaka 1972, baada ya kufuatilia watu kwa miaka 25, kwamba taya la chini hupungua mara nne ya la juu. Kwa hiyo meno ya bandia yakilegea baada ya mwaka, mara nyingi si kwamba fundi aliiba plastiki. Taya lenyewe limebadilika. Meno ya plastiki ya kuvua hutiwa tabaka jipya upande wa ndani yakashika tena, na jino jingine la mdomoni likitoka, la bandia huongezwa kwenye bamba lilelile la plastiki linaloshika meno hayo.

Ukarabati huo, na hata utengenezaji wenyewe, hauhitaji mitambo ya ajabu: nta, plasta, kasha la shaba lenye kibano na sufuria ya maji ya moto yanayotunzwa kwenye joto lilelile kwa saa kadhaa. Kwa eneo la West Nile, lililoishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa ya umeme, hilo si jambo dogo. Na watu wa huku wanahama. Mfanyabiashara wa Koboko leo yuko Ariwara ya Kongo, kesho Yei ya Sudan Kusini. Mkimbizi wa kambi ya Lobule anaweza kurudi Kongo mwakani. Bamba la plastiki likivunjika, fundi yeyote aliyesoma kazi yake ataliunga. Kipandikizi kikilegea skrubu, kinadai vifaa vya kampuni ileile iliyokitengeneza, na kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500.

Mtetezi wa vipandikizi atasema ninawapangia watu wa mpakani huduma duni huku wenye pesa wakipata bora. Pingamizi hilo lina uzito, maana chuma cha titani kinachoshikana na mfupa, kazi aliyoianza mtafiti Brånemark kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1965, ni ufundi wa kweli. Tena mzee asiye na jino hata moja kwenye taya la chini hupata taabu hasa: bamba la chini huinuliwa na ulimi kila anapozungumza. Lakini wataalamu walipokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2002, walipendekeza nini kwa mzee kama huyo? Vipandikizi viwili, na juu yake meno ya bandia ya kuvua. Penye pesa na ujuzi pia, meno bado yanatoka mdomoni kuoshwa.

Wengine watasema bamba la plastiki huumiza ufizi. Ni kweli, likitengenezwa ovyo, likaegemea ufizi peke yake bila kushikwa na meno. Dawa yake ni bamba jembamba la mchanganyiko wa kobalti na kromu lenye vishikio vinavyokaa juu ya meno yaliyobaki. Ni ghali kuliko plastiki, lakini halidai meno ya jirani yasagwe mpaka yawe visiki. Mabamba ya nailoni laini, yanayopendwa kwa kuwa hayaonyeshi waya, nayachukulia kwa tahadhari: ni vigumu kuyaongezea jino au tabaka jipya.

Na je, kila pengo lazima lizibwe? Mtafiti Sarita na wenzake waliwachunguza zaidi ya watu 800 nchini Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Waliobaki na meno ya mbele, magego madogo yote na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana walitafuna vizuri. Shida iliwapata waliobaki na jozi chache zaidi, hasa kwenye vyakula vigumu. Shirika la Afya Duniani nalo liliweka lengo la mtu kubaki na meno yake asilia yasiyopungua 20 maisha yake yote, wala si 32. Ugali wetu wa enyasa na samaki wa angara havidai gego la mwisho. Kweli, meno ya jirani huweza kuinama kuelekea pengo, hasa kwa vijana. Hilo daktari hulifuatilia kwa macho na vipimo kabla ya kushika mashine ya kusagia.

Basi ukienda kwa daktari wa meno, usianze na bei, wala usiulize kama jino litatoka au halitatoka. Muulize: nikiliacha pengo hili wazi nitapoteza nini, na kazi hii ikiharibika ni nani wa karibu atakayeitengeneza? Asipokuwa na jibu la maswali hayo mawili, shukuru, nyanyuka, uondoke na pesa yako.