Afya ya Nyumbani: Utumbo Usiotazamwa

Huenda mtu wa nyumba yenu amepungukiwa na damu siku nyingi. Kinyesi chake cheusi kama lami, tumbo lamkata na kuacha, mwili wakonda. Daktari ampitisha mpira wenye kamera kinywani, asione jambo. Ampitisha mwingine kwa njia ya haja kubwa, asione jambo. Naye arudi kwake akisema, “Mimi mzima.” Ulizeni kwa adabu: Utumbo mwembamba je, umetazamwa? Maana kati ya upeo wa mpira wa juu na upeo wa ule wa chini zimebaki mita kadhaa zisizoonwa na mtu. Saratani ya huko ni adimu, haifiki 5 katika kila 100 za njia ya chakula. Kwa hiyo hukawia kushukiwa.

Zamani mgonjwa alinyweshwa uji mweupe wa bariamu akapigwa eksirei, na uvimbe mdogo mara nyingi ulipita bila kuonekana. Tangu mwaka 2001, kiliporuhusiwa Marekani, kiko kidonge chenye kamera, urefu wake yapata milimita 26. Mtu hukimeza, nacho husafiri kikipiga picha maelfu kwa maelfu kwa muda wa saa 8 au zaidi, kisha hutoka chenyewe. Ajabu kweli! Lakini chaona ngozi ya ndani tu. Tena kikikuta mahali palipobanwa na uvimbe chaweza kukwama, hata mtu akahitaji kupasuliwa.

Ndiyo sababu mwenye dalili za kuzibwa, yaani kutapika na tumbo kujaa, yampasa kwanza apigwe picha za CT au MRI. Hunyweshwa maji mengi ili utumbo utanuke, akadungwa dawa mshipani. Picha hizo zaonyesha unene wa ukuta wa utumbo, na tezi, na ini, kama ugonjwa umeenea. Bali kidonda bapa ambacho kidonge kingekiona, zaweza kukikosa. CT ni ya upesi, ila yatumia mionzi. MRI haina mionzi hiyo, lakini yataka kulala kimya kitambo kirefu.

Hata hivyo picha si hukumu. Daktari Hironori Yamamoto wa Japani alitangaza mwaka 2001 mpira mrefu wenye vibofu viwili vya hewa, ambao huukunja utumbo kidogo kidogo kama mkono wa kanzu, ukafika ndani kabisa na kukata kipande cha nyama kikapimwe.