Mwanao akitaka kusomea teknolojia ya elimu, msikilize kwanza

WAZAZI wengi huelewa haraka mtoto anaposema anataka kuendelea na masomo ya sheria, uhasibu au udaktari. Lakini akitaja shahada ya uzamili ya teknolojia ya elimu na usanifu wa mafunzo, nyumba nzima hushangaa. "Umesomea ualimu miaka yote hii, leo unataka ukawe fundi kompyuta?"

Hofu hiyo ina msingi. Ada si ndogo, na mara nyingi anayetaka kusoma ni mwalimu aliye kazini, pengine mwenye watoto wadogo. Ndiyo maana ni vema mzazi ajue kinachosomwa kabla ya kukubali au kukataa.

Fani hii haihusu kutengeneza kompyuta. Inahusu namna binadamu anavyojifunza, na jinsi ya kupanga somo ili limwingie. Utaratibu mmoja unaojulikana sana, ADDIE, ulianzia Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Marekani, mwaka 1975, kwa ajili ya mafunzo ya jeshi. Una hatua 5: kuchambua mahitaji, kusanifu somo, kuliandaa, kulifundisha na kutathmini matokeo. Kifaa, kiwe simu, redio au kitabu, huchaguliwa baada ya kujua mwanafunzi ni nani na anatakiwa aweze kufanya nini.

Mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani, Richard Clark, alifananisha vifaa vya kufundishia na lori linaloleta chakula dukani. Lori halimjengi mtu afya. Kinachomjenga ni chakula. Robert Kozma alimpinga, akisema kila kifaa kina uwezo wake na kikitumiwa vizuri husaidia. Wanafunzi wa fani hii wanaijadili hoja hiyo hadi leo.

Si mjadala wa darasani tu. Serikali ya Peru iligawa kompyuta ndogo nyingi kwa shule za msingi, zikiwamo za vijijini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 haukupata ushahidi kwamba alama za hisabati na lugha zilipanda. Mashine zilifika, lakini somo lilibaki lilelile. Nchi inahitaji watu wa kuuliza maswali kabla fedha hazijatoka.

Mzazi, kaa na mwanao umuulize mambo matatu.

Kwanza, kozi hiyo inafundisha nadharia za ujifunzaji na tathmini, au programu za kompyuta tu? Programu hubadilika kila mwaka.

Pili, ataandaa somo halisi na kulijaribu kwa wanafunzi halisi? Kazi hiyo ndiyo atakayomwonyesha mwajiri, kiwe chuo, benki inayofundisha wafanyakazi wake au hospitali inayonoa wauguzi.

Tatu, chuo kinatambuliwa? Shahada nyingi za fani hii husomwa kwa mtandao, tena kutoka nje ya nchi. Kwa Tanzania, aulize Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kabla ya kulipa hata shilingi.

Akijibu vizuri, msaada wako si lazima uwe ada. Anayesoma usiku baada ya kazi hukwama zaidi kwa kukosa muda. Bibi akiwachukua wajukuu Jumamosi moja, au mume akishika jiko jioni mbili kwa wiki, kazi ya chuo itakamilika. Wengi huacha masomo katikati si kwa kushindwa mitihani, bali kwa kuchoka wakiwa peke yao.

Na wewe unayefikiria kumnunulia mwanao wa darasa la nne kishikwambi, anza na swali wanaloanza nalo wasomi hawa: akishamaliza kukitumia, unataka aweze kufanya nini ambacho leo hawezi? Ukikosa jibu, fedha ibaki kwanza mfukoni.