Maji Haya Yana Wenyewe Huko Mbele

Ndugu zangu wa Thika na Ruiru,

Nawaandikia kama mwenzenu ambaye kazi humpeleka Garissa mara kwa mara. Basi likishaacha mashamba ya mananasi, kijani huanza kuadimika. Matuu bado mtauziwa maembe dirishani. Mwingi miti imefupika. Mbele zaidi ni miiba na mchanga mwekundu kadiri jicho linavyofika. Baada ya zaidi ya kilomita 300 linatokea daraja, na chini yake Mto Tana, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa. Nimeukuta wakati wa kiangazi umejibana upande mmoja wa mchanga wake. Nimeukuta pia baada ya mvua za nyanda za juu umeingia mashambani na majumbani, hali Garissa kwenyewe hakujanyesha la maana. Kila nikiuvuka nakumbuka kwamba sehemu ya maji yale imepita kwetu.

Mito ya Chania na Thika hukutana kando ya mji wa Thika, hapo kwenye maporomoko ambapo wengi tumepigia picha. Kutoka hapo Mto Thika huelekea mashariki hadi Bwawa la Masinga na kujiunga na Tana, ambao hupita Garissa, Hola na Garsen kabla ya kumwagika baharini Kipini. Mto Ruiru una njia nyingine. Maji yake huishia katika mkondo wa Athi, yakaanguka Fourteen Falls, yakapita Kilimambogo, yakateremka Ukambani hadi Tsavo, ambako mto huitwa Galana. Karibu na Malindi wenyeji huuita Sabaki. Basi miji yetu miwili jirani inalisha mito miwili mikubwa ya maeneo makavu.

Huko yanakokwenda, maji haya hayana mbadala. Garissa hupata takriban milimita 300 za mvua kwa mwaka, na mara nyingine hata hizo hazifiki. Tana ndio mto wa kudumu wanaoutegemea. Ukisimama ukingoni asubuhi utaona mikokoteni ya punda imesheheni mitungi, pampu zikivuta maji kwenye mashamba ya ndizi na tikiti, na ng'ombe na ngamia wakishuka kunywa kwenye njia zao za tangu zamani, ambazo wafugaji huziita malka. Kusini zaidi wapo Wapokomo, ambao wamelima kingo za mto huo vizazi na vizazi. Wimbo wetu wa taifa ulipata sauti yake kutoka kwa wimbo wa kina mama wa Kipokomo wa kubembeleza watoto. Kwa hiyo kila tunaposimama wima kuuimba, tunaimba sauti ya watu wa mto huu. Na kwa upande wa Sabaki, visima vya Baricho vilivyochimbwa kando ya mto huo vinapeleka maji Malindi, Kilifi na hadi Mombasa.

Sasa tujitazame. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 Ruiru, na gorofa za kupangisha bado zinaota upesi kuliko mabomba ya majitaka. Shimo la choo likijaa, wapo wanaongoja mvua kubwa ili walifungulie mtaroni. Wapo wanaoosha magari mtoni, mafuta machafu na sabuni vikienda na maji. Viko viwanda vinavyosafisha maji yao ipasavyo, na viko vinavyongoja usiku. Juu huko kwenye miteremko, nduma na majani ya mifugo hupandwa hadi maji yanapogusa mizizi, na mikaratusi husimamishwa kingoni ikinywa bila kupimiwa.

Mtu atasema Masinga ipo, uchafu utabaki humo. Ni kweli bwawa hunasa tope, na hiyo ndiyo hasara yenyewe: Masinga, iliyokamilika mwaka 1981, inazidi kupoteza nafasi ya maji kwa sababu ya udongo unaotoka mashambani kwetu. Tope likijaa, kiangazi maji ya akiba hupungua, na masika bwawa hufurika upesi na kuwamwagikia walio chini. Athi kwa upande wake hauna msururu wa mabwawa makubwa kama wa Tana. Unachokibeba hukifikisha, na ndiyo maana mvua zikizidi huku bara, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo.

Basi nawaomba haya. Mwenye ploti, lipia lori la majitaka mapema, na uulize linakwenda kumwaga wapi. Fundi wa gari, weka pipa la mafuta machafu, na muosha magari, sogea mbali na ukingo. Mkulima, uachie mto nafasi yake: kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima au kujenga ndani ya mita 6 hadi 30 kutoka alama ya juu kabisa ya mafuriko. Panda mianzi na miti ya kienyeji hapo. Mwenye kiwanda, washa mtambo wako wa kusafisha maji hata siku ambayo mkaguzi haji. Nasi sote tujiunge na vyama vya watumiaji wa maji vinavyotambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016, na tukiona bomba linalotema uchafu tupige ripoti kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, au kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Viongozi wa makanisa, misikiti na shule wanaweza kulianzisha hili kwa Jumamosi moja tu ya kusafisha kingo, kisha likawa desturi.

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, awe anakaa juu ya mto au chini yake. Mfugaji wa Garissa na mama wa Malindi hawawezi kuja kutugongea mlango kila mtaro unapofunguliwa. Tafadhali, tuwapelekee maji ambayo sisi wenyewe tusingeogopa kuwanywesha watoto wetu.