Msituombe Kiti

Kwa kamati ya wazazi wa Kadutu, na ndugu zetu wote wa Bukavu,

Ombi lenu la kiti cha daktari wa meno limetufikia hapa Brussels, na baadhi ya wanachama wa chama chetu wameshaanza kuchanga. Mimi nimepinga. Nisikilizeni kwanza kabla hamjaniita mchoyo.

Kiti kile kinataka kompresa, maji yenye nguvu, fundi, na umeme usiokatika. Umeme wa shirika la SNEL mnaujua kuliko mimi, ninyi mnaoishi jirani na mabwawa ya Ruzizi na bado mnanunua mishumaa. Siku kipuri kimoja kitakapoharibika, kiti kitafunikwa shuka na kugeuzwa meza ya makaratasi.

Ipo njia nyingine, tena mizizi yake iko kwetu Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliacha mashine, wakatibu meno kwa vyombo vya mkono. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994.

Vyombo vya namna hiyo navisafisha kila siku katika kliniki ninakofanya kazi. Kimoja kina ncha ya shoka. Hicho hupanua mdomo wa tundu, maana uozo wa ndani mara nyingi ni mpana kuliko tundu linaloonekana. Kisha kijiko chenye kichwa kidogo kuliko punje ya mtama huchota kilicholainika. Penye ugumu hapaguswi. Tundu husafishwa kwa asidi nyepesi na pamba, simenti ya glasi ionoma hukorogwa palepale, na daktari huikandamiza kwa kidole chenye glavu iliyopakwa vaselini. Hakuna mngurumo, na mara nyingi hata sindano haihitajiki. Vyombo huweza kutakaswa katika sufuria ya presha juu ya makaa.

Ipo pia dawa ya maji yenye fedha na floridi, ya kupaka tu juu ya jino linaloanza kuoza. Tangu 2021 dawa hiyo na simenti hiyo zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Ila mama aambiwe mapema: palipooza pataganda rangi nyeusi, na haitoki. Kwa gego la utotoni si neno. Kwa jino la mbele la binti, aulizwe kwanza.

Sitawadanganya kwamba njia hii ya vyombo vya mkono inatosha kwa kila jino. Simenti hudumu zaidi kwenye tundu la juu ya gego kuliko lile lililo kati ya meno mawili. Na mtoto asiyelala usiku kwa maumivu, au aliyevimba shavu, huyo apelekwe hospitali. Vijiko havimfai tena. Ndiyo maana nataka watoto waangaliwe darasani, kabla jino halijauma.

Sasa nijibuni mambo mawili. Ni daktari wa meno au muuguzi gani wa hapo atakayekubali kujifunza, na kubaki? Na ufunguo wa kabati la vyombo na simenti atashika nani? Simenti ina tarehe ya mwisho, na unga wake ukiingiwa unyevu ni wa kutupa. Tukipata majina hayo, tutatuma boksi la kwanza.

Ndugu yenu wa Brussels