Maoni: Mwalimu wa Pepa anayesoma master afungue akaunti gani?

Katika matangazo ya banki, mwanafunzi ni kijana wa miaka 20 hivi. Anaishi mjini, mzazi anamtumia makuta kila mwezi, na chuo kiko umbali wa safari moja ya pikipiki. Akaunti ya mwanafunzi imetengenezwa kwa ajili yake.

Lakini kuna mwanafunzi mwingine ambaye hayumo katika picha hiyo. Ana miaka 35 au 40. Anafundisha sekondari au anafanya kazi katika kituo cha afya huko Pepa, kwenye milima ya Marungu, eneo la Moba, jimbo la Tanganyika. Ana mke au mume, watoto, na pengine ng'ombe wawili au shamba la maharage. Amejiandikisha masomo ya juu Kalemie au Lubumbashi, anashuka mara chache kwa mwaka kufuata masomo na kuonana na profesa wake, kisha anarudi kazini. Huyu anasoma nusu na kufanya kazi nusu, na ada yake anajilipia mwenyewe.

Idadi ya watu wa namna hii haiwezi kupungua. Sheria ya elimu ya Februari 2014 ilifungua mlango wa mfumo wa LMD, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 serikali iliagiza vyuo vyote viufuate. Aliyemaliza chuo kwa mfumo wa zamani anaona vijana wanakuja na master, na anajua kwamba cheo, nafasi ya kufundisha chuo kikuu au kazi katika mashirika vitakwenda kwa mwenye karatasi hiyo. Kwa hiyo anarudi darasani. Hapo ndipo swali dogo la banki linakuwa swali kubwa.

Kwa kawaida huambiwa kwamba akaunti ya mwanafunzi ni ya vijana wa masomo ya kwanza, wanaosoma muda wote. Jambo hili si la Congo peke yake. Hata Uingereza, nchi yenye banki kila mtaa, akaunti za wanafunzi zenye mkopo mdogo usio na riba kwa kawaida hutolewa kwa wanaosoma muda wote, na anayesoma master huku akifanya kazi mara nyingi huelekezwa kwenye akaunti ya kawaida. Tofauti ni kwamba yule wa Uingereza akikataliwa hapoteze mengi. Yule wa Pepa akichagua vibaya anaweza kupoteza mwaka mzima.

Ukweli ni kwamba mwanafunzi huyu asihangaike kutafuta jina la "akaunti ya mwanafunzi". Jina halimsaidii. Kinachomsaidia ni majibu ya maswali manne: makuta yanatokea wapi, yanakaa katika fedha gani, yanakatwa kiasi gani kila mwezi, na chuo kitakubali karatasi gani kama ushahidi wa malipo.

Swali la kwanza ni la umbali. Ukipima mstari ulionyooka kwenye ramani, Pepa na Kalemie vimeachana kwa kilomita karibu 200, na Lubumbashi iko karibu kilomita 500. Barabara haiendi kwa mstari ulionyooka. Kuna kushuka hadi Moba, kisha kufuata ziwa au njia ya nchi kavu, na wakati wa mvua lori linaweza kukwama siku kadhaa. Akaunti nzuri yenye tawi zuri Kalemie ni akaunti mbaya kwa mtu wa Pepa ikiwa kila kutoa makuta kunadai safari. Kabla ya kuuliza riba, aulize kama banki ina wakala Moba au karibu zaidi, na kama akaunti inaunganishwa na M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kulingana na mtandao unaoshika vizuri kule mlimani. Makuta ya simu yapo Congo tangu zaidi ya miaka kumi, na kwa watu wengi wa vijijini ndiyo banki pekee waliyowahi kuigusa.

Swali la pili ni la fedha yenyewe, na hapa ndipo wengi wanaumia bila kujua. Mshahara wa serikali unalipwa kwa franka. Ada za masomo ya juu kwa kawaida zinahesabiwa kwa dola. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuijua franka. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa inabadilishwa kwa franka karibu 2,000. Katikati ya 2024 ilikuwa imefika karibu 2,800. Tuchukue mfano wa mtu aliyeweka franka 1,200,000 mwanzoni mwa 2023, akijua hizo ni dola 600 za ada yake. Mwaka mmoja na nusu baadaye, franka zile zile zilikuwa na thamani ya dola 428 tu. Hakuibiwa na mtu, wala hakunywa pombe. Alipungukiwa dola 172 kwa sababu alihifadhi fedha moja huku anadaiwa nyingine.

Kanuni si kwamba dola ni bora siku zote. Mwishoni mwa 2025 franka ilipata nguvu na dola ikashuka chini ya 2,500, na waliokimbilia dola ili kununua mahitaji ya nyumbani walijuta. Kanuni ni nyepesi zaidi: hifadhi katika fedha ile utakayodaiwa. Chakula na nauli vinadaiwa kwa franka, viwekwe kwa franka. Ada ikidaiwa kwa dola, iwekwe kwa dola kidogo kidogo tangu mwezi wa kwanza. Banki za Congo hufungua akaunti za franka na za dola, kwa hiyo hilo linawezekana. Ni lazima tu mteja aliombe, maana akaunti ya mshahara peke yake haimfanyii kazi hiyo.

Akaunti hiyo ya mshahara ina historia yake. Tangu 2011 serikali, wakati Matata Ponyo akiwa waziri wa fedha na baadaye waziri mkuu, ilianza kulipa watumishi wake kupitia banki. Pale ambapo banki hazikufika, Caritas ilibeba kwa miaka mingi kazi ya kupeleka mishahara ya walimu. Mpango ule ulipunguza majina hewa, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mwalimu hakuchagua banki yake. Banki ilichaguliwa kwa ajili yake. Wengi wanaendelea kuiona akaunti ile kama dirisha la kuchukulia mshahara wote siku moja, na siyo mahali pa kuweka kitu. Katika hali ambayo dirisha liko mbali, huwezi kuwalaumu.

Swali la tatu ni la makato. Kuna makato ya kuitunza akaunti kila mwezi, ya kutoa, ya kutuma kutoka banki kwenda simu, na ya kutoa kwenye simu. Kila moja ni dogo. Kwa mtu anayeweka dola 20 kwa mwezi, yote pamoja yanaweza kumeza mwezi mzima wa akiba kwa mwaka. Aombe orodha ya bei kwa maandishi kabla ya kusaini, apige hesabu ya miezi 12, na kama akaunti ya akiba haina makato ya kila mwezi, hiyo ndiyo ya kuwekea ada.

Swali la nne ndilo linaloamua kama mtu atatetea kazi yake mbele ya majaji au atarudi nyumbani na begi lake. Vyuo vingi bado vinadai bordero ya banki, karatasi yenye muhuri inayoonyesha kwamba ada imeingia katika akaunti ya chuo. Bila bordero hakuna jina kwenye orodha ya mtihani. Mwanafunzi wa mjini anaipata kwa nusu saa. Yule wa Pepa anaomba ruhusa kazini, anasafiri siku kadhaa, anapanga mstari, na nauli yake inaweza kukaribia awamu moja ya ada. Kwa hiyo akaunti inayomfaa kuliko zote ni ile iliyo katika banki ile ile ambayo chuo chake kinatumia, kwa sababu kuhamisha makuta ndani ya banki moja ni rahisi zaidi. Pia amwandikishe ndugu anayeishi Kalemie au Lubumbashi ruhusa rasmi ya kushughulikia akaunti kwa niaba yake. Kumtumia ndugu makuta taslimu bila karatasi kumevunja udugu mwingi.

Makuta yakikosekana siku ya mwisho, kinachobaki ni mkopo. Watumishi wa Congo wanaijua "banque Lambert", yule mtu wa mtaani anayekopesha 100 na kudai 130 au hata 150 mwisho wa mwezi, huku ameshika kadi ya mdaiwa kama dhamana. Master nyingi zimelipwa kwa njia hiyo, na nyumba nyingi zimelala njaa kwa ajili yake. Vikundi vya likelemba na vya AVEC, ambavyo wanawake wa vijijini wameviendesha kwa uaminifu kuliko taasisi nyingi, vinakopesha kwa masharti ya binadamu. Mwanafunzi mwenye busara hataviacha kwa sababu amepata kadi ya banki. Ataviweka pamoja: kikundi kwa dharura, akaunti kwa ada, simu kwa matumizi ya siku.

Wapo watakaosema kwamba kuwaambia watu waweke makuta banki ni kusahau historia, na wana hoja. Desemba 1979 utawala wa Mobutu ulifuta noti za zaire 5 na 10, na watu wakapewa siku chache za kubadilisha. Mwaka 2016 wateja wa BIAC walipanga mistari na kuwekewa kikomo cha kutoa akiba yao wenyewe. Januari 2025 Goma ilipoanguka mikononi mwa M23, na Bukavu mwezi uliofuata, banki zilifunga milango na watu wenye akiba wakabaki na tarakimu kwenye karatasi. Baadhi ya waliokimbia Kivu ya Kusini walifika Kalemie, na hadithi hizo zinasikika bandarini.

Lakini jibu la hofu hiyo si kurudisha kila kitu chini ya godoro. Pepa yenyewe ilipitiwa na vita mwaka 2000, na watu waliokimbia wakati ule wanajua kwamba godoro halikuokoa kitu. Jibu ni kutoweka yote mahali pamoja, na kulipa ada kwa awamu mapema badala ya kukusanya kiasi kikubwa hadi siku ya mwisho. Ada iliyokwisha kuingia chuoni, ikiwa na bordero mkononi, iko salama kuliko akiba inayosubiri.

Kuna pia ambao mashauri haya hayawafikii. Walimu wanaoitwa "nouvelles unités", wanaofundisha bila kuingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali, hawana akaunti ya mshahara ya kuanzia. Wengi wana kadi ya uchaguzi tu kama kitambulisho, na ikipotea au maandishi yakifutika, banki inawarudisha. Kwao makuta ya simu na kikundi cha akiba ndiyo njia iliyobaki, na ndiyo sababu chuo kinachokataa malipo ya simu kinawafungia mlango wao kwanza.

Hapo ndipo lawama inapaswa kwenda. Mwanafunzi amepewa kazi ya kurekebisha kwa miguu yake kasoro ambayo taasisi zingeirekebisha kwa uamuzi mmoja. Ng'ambo ya pili ya ziwa, Tanzania, mwanafunzi wa chuo hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, analipa kwa simu akiwa kijijini, na malipo yanaonekana kwenye mfumo wa chuo. Ziwa ni lile lile, na simu ni zile zile.

Vyuo vya Congo vitasema vinaogopa wizi na karatasi za uongo. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini bordero ya karatasi ndiyo inayoghushiwa kwa urahisi zaidi, siyo namba inayotolewa na mfumo. Banki nazo zitasema mteja wa dola 20 kwa mwezi hana faida. Huenda ni kweli mwaka huu. Lakini mteja huyo ana mshahara, ana nidhamu ya kusoma usiku baada ya kazi, na miaka mitatu ijayo anaweza kuwa mkurugenzi wa shule au mwalimu wa chuo. Banki itakayompa akaunti ya akiba ya dola isiyo na makato ya kila mwezi leo haitahitaji tangazo la kijana anayecheka.

Mambo matatu yangetosha kuanza. Vyuo vya Kalemie na Lubumbashi vikubali ada kwa awamu na kwa simu, kwa namba ya kumbukumbu. Banki zimhesabu kama mwanafunzi mtu yeyote mwenye cheti cha kuandikishwa, bila kujali umri wala saa anazokaa darasani. Na Banki Kuu ya Congo idai orodha za makato zibandikwe wazi kwa kila wakala, kwa lugha ambayo mteja anasoma.

Hadi hapo, mwalimu wa Pepa aendelee na maswali yake manne, na asisaini chochote kabla ya kuyajibu yote.